Torati Mikononi mwa Wanazuoni wa Kiislamu

Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Martin Luther alipoieleza katika Katekisimo Ndogo hakuishia kwenye katazo. Alitaka pia tumtetee jirani, tumseme vema, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Tuliojifunza amri hii katika darasa la kipaimara huikumbuka kunapotokea umbea au kesi ya mpaka wa shamba. Ni mara chache tunaikumbuka tunapozungumza juu ya dini ya jirani. Lakini kumsingizia mtu imani asiyokuwa nayo, au kuificha sehemu ya imani yake isiyotufaa katika mabishano, ni ushuhuda wa uongo sawasawa na ule wa barazani.

Hapa Tarime Wakristo ni wengi, wa madhehebu mbalimbali, na Waislamu ni wachache, wengi wao wakiishi mjini na Sirari mpakani. Tunanunua katika maduka yale yale, tunachangiana harusi, tunakaa pamoja msibani. Tena ziko familia ambamo kaka anakwenda kanisani na dada ameolewa msikitini. Kwa hiyo swali ambalo kwingine lingebaki katika vitabu, kwetu linaulizwa kwenye benchi la bodaboda na mezani nyumbani: “Hiyo Torati mnayosoma si ile ya Musa. Wayahudi waliibadilisha.” Kijana wetu akisikia hivyo, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili. Ama anajibu kwa matusi, ama ananyamaza na kurudi nyumbani akiwa na shaka ambayo hamwambii mtu. Hakuna mojawapo linalomheshimu Mungu. Tunaandika makala hii ili tujue kwanza wanazuoni wa Kiislamu wamesema nini hasa juu ya chimbuko la maandiko ya Wayahudi, halafu tujiulize sisi tunasema nini.

Kadhi, sheikh na wamisionari

Tuanze karibu, katika lugha yetu wenyewe. Torati, Zaburi, Injili, nabii, malaika, dhambi, sala, imani: maneno haya yote yamo katika ibada zetu, na yote yalifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kupitia midomo ya Waislamu wa pwani. Wamisionari walipofika waliyakuta yakitumika tayari.

Mmoja wao alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg huko Ujerumani, aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Waanglikana. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni mwaka huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai mke wake Rosina na mtoto wao mchanga wakafa. Krapf akaendelea na kazi. Aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Hebu tulitafakari jambo hili: kitabu cha kwanza cha Torati kilianza kuingia katika Kiswahili kwa msaada wa mwamuzi wa sheria ya Kiislamu.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1864, Edward Steere alifika Unguja na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Huko alifahamiana na Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja katika karne ile, aliyefariki mwaka 1896. Sheikh alijitolea mwenyewe kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora. Alifika Zaburi ya 16. Kazi zake zilikuwa nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu wa kawaida ambao Steere aliwakusudia. Hata hivyo Steere alizichapa zile Zaburi kumi na sita, kama kumbukumbu ya wema wa sheikh na kielelezo cha Kiswahili cha wasomi.

Kitendo hiki hakimaanishi kwamba Sheikh Abdul Aziz alikubali kila neno la Biblia yetu. Alikuwa Mwislamu wa kweli na mwalimu wa wengi. Lakini hakukitendea kitabu cha Daudi kama takataka. Alikishika kwa mikono miwili na kukitafutia maneno mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Mtu anayetuambia kwamba Uislamu umeidharau siku zote Torati na Zaburi hajasikia habari za mtu huyu.

Kurani inasema nini

Kurani inaitaja Torati kwa heshima. Katika Sura ya 5, aya ya 44, inafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeiteremsha, na kwamba ndani yake mna uongozi na nuru. Sura ya 4, aya ya 163, inataja Zaburi aliyopewa Daudi. Mwislamu anayekana kwamba Mungu aliteremsha vitabu hivi amepungukiwa katika imani yake mwenyewe, kwa maana kuamini vitabu vya Mungu ni mojawapo ya nguzo za imani ya Kiislamu.

Lakini ziko pia aya zinazolaumu. Sura ya 4, aya ya 46, na Sura ya 5, aya ya 13, zinawasema baadhi ya Wayahudi kwamba huyaondoa maneno mahali pake. Sura ya 2, aya ya 79, inawaonya wanaoandika kitabu kwa mikono yao wenyewe kisha wakadai kimetoka kwa Mungu. Kutokana na aya hizi lilizaliwa neno la kitaalamu *tahrifu*, yaani kupotosha. Hapo ndipo wanazuoni wakaanza kuulizana: ni kipi kilichopotoshwa, maandishi yenyewe au maana yake?

Hawakujibu kwa sauti moja

Wapo waliosema ni maana. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi aliyefariki mwaka 870, aliandika kauli inayohusishwa na Ibn Abbas, binamu wa Mtume Muhammad, kwamba hakuna awezaye kuyafuta maneno ya kitabu cha Mungu. Wanachofanya watu ni kuyafasiri isivyo. Ni kweli kwamba kutoka kwa Ibn Abbas huyo huyo imepokewa pia kauli inayowalaumu watu wa Kitabu kwa kubadilisha maandiko. Mabishano yana mizizi ya zamani.

Wapo waliosema ni maandishi yenyewe, na mkali wao alikuwa Ibn Hazm wa Cordoba, Hispania, aliyefariki mwaka 1064. Huyu hakubahatisha. Aliisoma Torati kwa makini, akapiga hesabu za miaka na vizazi, akaonyesha mahali ambapo tarakimu hazikupatana. Alichukizwa na habari za Lutu na binti zake, akasema hazimfai mtu wa Mungu. Hoja yake nzito zaidi ilihusu mapokeo. Waislamu huuliza juu ya kila hadithi: nani aliipokea kutoka kwa nani? Mlolongo huo huitwa isnadi. Ibn Hazm alisema Torati haina mlolongo kama huo. Katika siku za wafalme waabudu sanamu ilibaki mikononi mwa makuhani wachache, na baada ya uhamisho wa Babeli ni Ezra aliyeiandika upya.

Jina la Ezra lilirudi tena kwa Samaw'al al-Maghribi, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Myahudi na kusilimu mwaka 1163. Yeye alifundisha kwamba Torati ya Musa ilipotea, na iliyopo ni mkusanyo wa Ezra.

Wengine walikwenda kwa utaratibu wa mchunguzi. Karibu mwaka 1000, al-Biruni alieleza kwamba kuna Torati za namna tatu: ya Wayahudi, ya Wakristo iliyotoka katika Kigiriki, na ya Wasamaria. Akalinganisha hesabu za miaka tangu Adamu, akaonyesha jinsi zinavyotofautiana. Na Ibn Khaldun wa Tunis, aliyefariki mwaka 1406, alikuwa na mizani ya pekee. Aliitilia shaka hesabu ya wanaume laki sita waliotoka Misri, akisema jeshi kubwa namna hiyo halingeweza hata kujipanga vitani. Lakini mtu huyo huyo alisema wanazuoni makini hawakubali kwamba Wayahudi waliyabadilisha maandishi ya Torati kwa kukusudia, kwa sababu watu wenye dini hawakitendei hivyo kitabu chao kitakatifu. Na huko Kairo, al-Biqa'i, aliyefariki mwaka 1480, alithubutu kuinukuu Biblia alipokuwa akiifafanua Kurani. Wenzake walimshambulia, naye akaandika kujitetea.

Kwa hiyo mtu akituambia, “Waislamu wanasema Torati imebadilishwa,” tumwulize kwa upole, “Ni mwanachuoni yupi, na imebadilishwa kwa namna gani?” Swali hilo si ujanja wa kumtega. Linamheshimu kwa kutambua kwamba dini yake ina elimu pana kuliko kipaza sauti.

Kutoka Agra hadi viwanja vyetu

Hoja tunazozisikia leo zilipata sura mpya nchini India. Mwezi Aprili 1854, mjini Agra, palifanyika mdahalo kati ya mmisionari Carl Pfander na mwanachuoni Rahmatullah Kairanawi. Pfander alikuwa mtu wa Württemberg kama Krapf, na wote wawili walisoma katika chuo cha misheni cha Basel. Alizoea kuwauliza Waislamu: mnasema Biblia imebadilishwa, iko wapi hati inayothibitisha?

Siku ile alikutana na jambo asilolitegemea. Kairanawi alikuwa na rafiki, daktari aitwaye Wazir Khan, aliyewahi kukaa London na kurudi na vitabu vya wataalamu wa Biblia wa Ulaya, Wajerumani wakiwamo. Wataalamu hao, wengi wao watu wa makanisa ya Kiprotestanti, walikuwa wameandika waziwazi juu ya tofauti za hati za kale na juu ya waandishi wengi wa vitabu vya Musa. Kairanawi aliwasomea wamisionari maneno ya ndugu zao wenyewe. Baadaye, mwaka 1864, akiwa Istanbul, aliandika kitabu *Izhar al-Haqq*, kilichosambaa katika ulimwengu wa Kiislamu. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alikisoma akiwa kijana, na kikawa msingi wa mahubiri yake. Deedat alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo mihadhara ya kulinganisha dini ikaenea mijini mwetu, wahubiri wa Kiislamu wakiishika Biblia ya Kiswahili mkononi, na Wakristo nao wakijibu kwa mikutano yao. Mingine ilikuwa ya elimu. Mingine ilikuwa ya kejeli, ikaacha majeraha.

Tusisahau kwamba na sisi Wakristo tulikigusa kitabu chao. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo ya Kikristo. Waahmadiyya wakatoa ya kwao mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akakamilisha *Qurani Takatifu* mwaka 1969, kwa sababu Waislamu hawakutaka kitabu chao kifafanuliwe na mtu asiyekiamini. Tukiuelewa uchungu huo, tutawaelewa pia Wayahudi, ambao Torati yao imejadiliwa na dini mbili kubwa bila wao kuulizwa.

Na sisi tunasema nini?

Hapa Mkristo anahitaji ukweli kuliko ushindi. Mambo mengi aliyoyaona Ibn Hazm yamo ndani ya Biblia yetu wazi, wala hakuna aliyeyaficha. Kumbukumbu la Torati 34 linasimulia kifo na maziko ya Musa. Marabi wa kale walilijadili, na baadhi yao wakasema aya nane za mwisho ziliandikwa na Yoshua. Wafalme wa Pili 22 panasema kitabu cha torati kilionekana hekaluni siku za Mfalme Yosia, kana kwamba kilikuwa kimesahaulika. Yeremia 8:8 panailaumu kalamu ya waandishi kwa maneno makali yasiyopungua yale ya Kurani. Yeremia 36 panasimulia jinsi mfalme alivyolikata na kulichoma gombo la nabii, na Baruku akaliandika tena, na maneno mengine yakaongezwa. Nehemia 8 inamwonyesha Ezra akiisoma torati mbele ya watu waliorudi kutoka uhamishoni.

Wakristo wa kwanza nao hawakuwa wasafi katika jambo hili. Justin Shahidi, katika karne ya pili, aliwashtaki Wayahudi kwamba waliyaondoa maneno fulani katika maandiko yao. Shtaka la tahrifu basi lilisikika kanisani karne nyingi kabla ya kusikika msikitini. Leo tunajua kwamba maneno yale hayakuondolewa na Wayahudi. Yaelekea yaliongezwa na Wakristo.

Na katika Ujerumani ya Kilutheri, Julius Wellhausen alieleza mwaka 1878 kwamba vitabu vitano vya Musa vimeunganishwa kutoka vyanzo kadhaa vya nyakati mbalimbali. Mwaka 1882 aliacha kufundisha wachungaji, kwa kuwa dhamiri ilimsuta kwamba hakuwa akiwaandaa kwa kazi ya kanisa. Wataalamu waliomfuata wamerekebisha mengi aliyoyasema, lakini swali lake linafundishwa katika vyuo vyetu vya theolojia. Mara nyingi limebaki huko chuoni, na washarika wakaja kulisikia kwa mara ya kwanza kwenye mhadhara, kutoka kwa mtu anayetaka kuwashinda. Lingefaa lisikike kwanza mimbarani na katika darasa la kipaimara.

Je, hati zenyewe zinasema nini? Tangu mwaka 1947, katika mapango ya Qumrani kando ya Bahari ya Chumvi, zimepatikana hati za maandiko ya Wayahudi zilizonakiliwa kabla na karibu na wakati wa Bwana Yesu. Nyingi zinakaribiana sana na Biblia ya Kiebrania iliyohifadhiwa na Wayahudi miaka elfu moja baadaye. Nyingine zinafanana na tafsiri ya Kigiriki au na Torati ya Wasamaria. Mapango yale yanatufundisha mambo mawili kwa pamoja: wanakili walikuwa waaminifu kuliko washtaki wao walivyodhani, na maandishi hayakuwa na sura moja tu tangu mwanzo. Torati za namna tatu alizozieleza al-Biruni zina mizizi ya kale kweli.

Tofauti yetu na Waislamu haiko hasa katika kuhesabu makosa ya wanakili. Mwislamu anategemea kitabu cha Mungu kiwe kimeteremshwa kwa nabii, neno kwa neno, kama anavyoiamini Kurani. Akiifungua Torati yetu na kumkuta Musa akisimuliwa na mtu mwingine, anasema, “Hiki siyo kilichoteremshwa.” Kwa kipimo chake ana haki kuuliza. Lakini sisi hatujakiri kwamba Torati iliteremshwa hivyo. Tunakiri kwamba Mungu alisema na watu, nao wakasimulia, wakaandika, wakahifadhi, na Roho wake akafanya kazi katika safari hiyo yote. Wazee wa Kikurya wanaposimulia jinsi ukoo ulivyofika katika nchi hii, hakuna anayedai kwamba mtu mmoja aliketi akaandika yote siku moja. Tunauliza mzee aliyapokea kwa nani, na kama jamii nzima inajitambua katika masimulizi hayo. Israeli nayo ilijitambua katika Torati, ikaishi kwayo uhamishoni, na watu wake wengine wakafa kwa ajili yake. Hata Ezra, kama kweli mkono wake umo, alikuwa mtumishi wa neno alilolipokea.

Wenye kitabu

Hatuna sinagogi hapa Tarime, na ni rahisi kumjadili mtu asiyekuwapo. Lakini Afrika Mashariki inao Wayahudi wake. Karibu na Mbale, Uganda, waishi Abayudaya, waliotokana na Semei Kakungulu, jemadari aliyesoma Biblia ya wamisionari na mwaka 1919 akaamua kuzishika amri za Musa jinsi zilivyoandikwa. Wajukuu wao wanaisoma Torati hadi leo. Tunaposema “Wayahudi walibadilisha” au “Wayahudi hawakuelewa,” tunawasema watu hawa pia.

Kanisa letu lina deni hapa. Luther huyo huyo aliyeihimiza serikali ya mji wa Basel iruhusu Kurani kuchapwa kwa Kilatini mwaka 1543, akitaka Wakristo waijue, aliandika mwaka huo huo kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi. Walutheri duniani wameyakataa hadharani maneno yale. Katika jambo moja mwalimu wetu alitaka tusome kabla ya kuhukumu. Katika jingine aliivunja Amri ya Nane aliyotufundisha.

Wapendwa washarika, siku hizi wako watu wa mkoa wetu wa Mara wanaofasiri Maandiko katika lugha zetu, Kiikoma na Kingoreme cha Serengeti zikiwamo. Kila siku wanaulizana kuhusu neno moja: lipi ni sahihi, linaeleweka, halimpotoshi msomaji? Wanafanya kazi ile ile waliyoifanya wanakili wa Yerusalemu, na ile ile aliyoifanya Sheikh Abdul Aziz Unguja mpaka Zaburi ya 16. Jirani akituuliza Torati imetoka wapi, tusiogope kumjibu kwamba imepita katika mikono mingi. Tumweleze mikono hiyo, pamoja na ile ya masheikh waliotusaidia. Kisha tumwombe naye atueleze kitabu chake, na tumsikilize mpaka amalize.